Kufuma Bila Kitanda cha Mfumi

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kitale, mbele ya wasikilizaji wa Trans Nzoia na Bungoma

Nimekuja na kapu. Ndani yake mna vitu viwili tu, na vyote nitavitoa kabla hatujaagana.

Niliombwa nizungumze juu ya nguo za asili. Ombi hilo lilizaliwa na swali la msichana mmoja wa kidato cha pili huko Bungoma, wakati shule yake ilipokuwa ikijiandaa kwa tamasha la muziki. Walikuwa wameagizwa waje na vazi la asili la Wabukusu. Zikanunuliwa sketi za katani, zilezile ambazo shule nyingi hununua, za kuvaliwa juu ya kaptura, pamoja na mistari myeupe ya kuchora usoni. Msichana akanijia akiwa ameishika sketi yake mkononi. "Mwalimu, kukhu alivaa hii?" Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Nikamjibu hapana. Akauliza tena: "Basi wao walifuma nguo gani?" Hapo nilibabaika, nikasema maneno mengi yasiyo na jibu. Mhadhara huu ni deni ninalomlipa.

Nitaanzia mbali kidogo. Kaskazini mashariki mwa India, katika milima inayopakana na Myanmar na Bangladesh, kuna jimbo linaloitwa Mizoram. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu huko watu 1,097,206. Sensa yetu ya 2019 iliipa Trans Nzoia watu 990,341 na Bungoma 1,670,570. Kwa hiyo ninapowataja Wamizo, wafikirieni kama jamii ambayo kwa hesabu ingekaribia kuenea katika kaunti hii moja. Nguo yao huitwa puan, na wanaoifuma ni wanawake.

Chombo cha kufumia cha zamani cha Wamizo hakina fremu wala miguu. Mwanamke huketi sakafuni, nyuzi za urefu zikiwa zimefungwa upande mmoja kwenye mti uliokazwa ukutani, na upande wa pili kwenye mkanda unaozunguka kiuno chake. Akiegemea nyuma nyuzi hukazika, akiinama mbele hulegea. Mwili wake mwenyewe ndio unaokaza kazi. Na kwa kuwa upana wa kitambaa hauwezi kupita pale mikono yake inapofika, puan kubwa hufumwa vipande vipande, kisha vipande vikaunganishwa kwa sindano. Ukiitazama puan vizuri, mshono ule wa katikati unakueleza mfumaji alikuwa na mikono ya kadiri gani.

Kila puan ina jina na kazi yake. Puanchei, iliyorembwa kuliko zote, ni ya arusi na ya ngoma ya mianzi wanayoiita cheraw. Ngotekherh yenye milia hapo kale ilikuwa ya wanaume. Tawlhlohpuan, ambayo jina lake hubeba maana ya kutorudi nyuma, ilikuwa nguo ya mpiganaji. Halafu kuna pawndum, nguo ya giza yenye milia, na hiyo ndiyo iliyonigusa kuliko nyingine. Bibi arusi huondoka kwao akiwa nayo, akaenda nayo kwa mume, na mume akifa ndiyo anayofunikwa. Hebu wazieni msichana anayefunga mizigo ya arusi huku akijua kwamba nguo moja katika mizigo ile ni ya msiba.

Mwaka 2019 India iliandikisha puan tano chini ya sheria yake ya majina yanayotambulisha bidhaa na mahali zinakotoka: hizo nne nilizozitaja, pamoja na hmaram. Mtu wa kiwanda cha mbali hana ruhusa ya kuchapa mapambo yale kwa mashine, akauza akisema ni puanchei.

Niliposoma habari hizo niliingiwa na wivu, siwafichi. Nikajiuliza yetu iko wapi. Na nadhani wivu wa namna hiyo ndio uliowatuma wengi wetu kubuni mavazi ya asili yasiyokuwa na asili. Mnakumbuka mwaka 2004, nchi nzima ilipotafuta vazi la taifa kwa shindano, wabunifu wakachora, majaji wakachagua, na vazi lenyewe halikuvalika. Nguo haiagizwi kwa shindano. Basi leo tuutazame ukweli wetu hata pale usipotupendeza.

Ukweli ni kwamba watu wa huku hawakuwa na kitanda cha mfumi. Neno hilo ni la Kiswahili cha zamani: kitanda cha mfumi ni kile chombo ambacho nyuzi hutandwa juu yake ili zifumwe. Nyuzi za urefu huitwa mtande, zile zinazopita kati yake kwenda na kurudi huitwa mshindio. Lugha haihifadhi maneno kama haya bure. Pwani walifuma. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale waliokota vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Ni vizito vya vijiti vya kusokotea pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale zikisafirishwa hadi Misri. Wareno walipoingia bahari hii katika karne ya 16 waliandika kwamba watu wa Sofala walikuwa wakinunua vitambaa vya buluu kutoka Cambay, India, wanavifumua uzi kwa uzi, kisha wanaufuma upya uzi ule pamoja na uzi wao mweupe wa pamba. Watu wa kisiwa cha Pate nao walifanya hivyo kwa hariri. Fikirini uvumilivu wa mtu anayenunua nguo nzima kwa ajili ya uzi wake tu!

Wala si pwani peke yake. Richard Burton alipopita Unyamwezi mwaka 1857 aliona watu wakifuma pamba yao wenyewe, na Wafipa wa karibu na Ziwa Rukwa walisifika kwa kazi hiyo. Huko Benadir, pwani ya Mogadishu, wafumi wa nguo za alindi waliketi ukingoni mwa shimo, miguu ikikanyaga kamba za chini, mikono ikirusha uzi. Wao walikuwa wanaume, kinyume cha Wamizo.

Kwa nini basi sisi hatukufuma? Nimewasikia watu wakijibu kwa aibu, kana kwamba tulichelewa darasani. Hapana. Mji huu wa Kitale uko karibu meta 1,900 juu ya bahari, na pamba haipendi baridi za usiku wa huku. Lakini hata kule chini kunakofaa pamba, mwenye ng'ombe na mbuzi hakuwa na haja ya kusokota. Nguo yake ilikuwa ikitembea zizini. Kila mnyama aliyechinjwa aliacha vazi. Ngozi iliwambwa juani kwa vigingi, ikakwanguliwa, ikapakwa mafuta, ikafikichwa kwa mikono siku baada ya siku mpaka ikalainika ikakaa mabegani. Wahenga waliosema ngozi ivute ili maji walikuwa wanataja kazi wanayoijua, maana ngozi ikishakauka ovyo haina tena wa kuikunjua. Nenda leo kwa Wapokot, mwendo mfupi kaskazini ya hapa, uone sketi ya ngozi ya mwanamke iliyotiwa shanga. Atakayesema kwamba hiyo si nguo kwa sababu haikufumwa, huyo ana fundisho la kigeni kichwani.

Na ng'ambo ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, kulikuwa na nguo ya gome. Mti wenyewe ni mutuba, wa jamii ya mkuyu. Gome huambuliwa, likagongwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, likapanuka mara kadhaa ya upana wake, likaanikwa mpaka likapata rangi ya udongo mwekundu. Kisha shina lililoachwa wazi hufungwa majani ya mgomba ili lipone na kuotesha gome jingine. Sijui kama kuna nguo nyingine duniani inayomtibu aliyeitoa! UNESCO ilitangaza ufundi huo wa Waganda kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake. Ni nguo isiyo na mtande wala mshindio, na hakuna aliyeionea haya.

Kitambaa cha kufumwa kilitufikia kichwani mwa wapagazi. Misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu hadi kwa Mumia, mfalme wa Wanga, pale panapoitwa Mumias leo, ilibeba shanga, nyaya za shaba na majora ya nguo. Nyeupe isiyotiwa rangi iliitwa merikani, kwa sababu tangu miaka ya 1830 ililetwa Unguja na meli za Wamarekani kutoka Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoukata uzi ule, viwanda vya Bombay viliingia mahali pake. Nyeusi iliyotiwa nili ni kaniki, ya India tangu mwanzo. Hata vipimo vilikuja pamoja na nguo: mkono, doti, jora. Mama anayenunua leso leo katika soko la Kitale bado anaitisha doti, na muuzaji anamwelewa.

Mwaka 1895 Waingereza na majeshi yao walivunja ngome ya Wabukusu pale Chetambe, karibu na Webuye. Baada ya bunduki ikaja kodi ya nyumba, baada ya kodi vibarua, na baada ya vibarua duka la Mhindi lenye majora rafuni. Wamisionari wa kanisa la Friends, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakafika Lugulu, walitaka muumini avae. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja ngozi ikawa alama ya ushenzi. Hili linaniuma zaidi kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa sababu ufundi wa kulainisha ngozi hatukunyang'anywa kwa bunduki. Tuliuweka chini wenyewe kwa kuona haya.

Lakini tazameni jinsi nguo ya dukani ilivyopata makao ndani ya mila. Mnajua Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024, ndiyo majira ya tohara ya Wabukusu. Kijana hupita kwa jamaa akigonga kengele za chinyimba, na alfajiri ya siku yenyewe hutoka mtoni akiwa amepakwa tope, mwili wazi. Nguo inavuliwa pamoja na utoto. Kisha, baada ya kupona na kufundwa, inakuja siku ya khukhwalukha, na wanaohitimu wanavishwa nguo mpya. Ziwe zilishonwa Nairobi au zilitoka kwenye robota la mitumba, mpya ya siku ile si sawa na mpya ya Krismasi. Mwanamke wa Kimizo anaifuma pawndum yake. Mzazi wa Kibukusu anainunua nguo ya khukhwalukha, pengine kwa kuuza gunia la mahindi. Hatukuifuma kwa mikono, tukaifuma kwa maana. Ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu langu kwa yule msichana.

Sehemu ya pili iko ndani ya kapu.

Hiki ni kitambaa cha kufuma. Nawaona akina mama mnatabasamu. Mama yangu alikifuma kwa kulabu moja na donge moja la uzi mweupe wa pamba, jioni, koroboi ikiwa pembeni. Huu mchoro wa katikati ni nanasi. Kila nyumba ya heshima huku kwetu, kutoka Kimilili hadi Kiminini, ilikuwa na vitambaa hivi juu ya makochi, juu ya meza, juu ya redio na baadaye juu ya runinga. Vilifuliwa Jumamosi, vikatiwa wanga, vikanyooshwa majanini wakati jua likiwa kali, na mgeni wa Jumapili akavikuta vimesimama vyenyewe kama maua.

Ufundi huu ulitufikia kwa shule za misheni, na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vikausambaza vijijini. Ni wa kuja, nakubali. Ila sikilizeni jina ambalo mama zetu waliupa. Kazi ya kulabu wangeweza kuiita kwa jina la Kizungu. Wakaiita kufuma. Neno lililokuwa la mtande na mshindio, la wafumi wa Kilwa na Pate, lilipanda mpaka huku bila kile kitanda chake, likakuta mwanamke ameketi kizingitini na uzi, likakaa mkononi mwake. Leo ukisema "mama anafuma" katika soko la Kanduyi, hakuna anayewazia kitanda cha mfumi. Wanaona kulabu, au ile mashine ya kusukuma kwa mkono inayofuma sweta za shule.

Mama yangu hakuwahi kusoma mchoro kwenye karatasi. Alipopenda kitambaa cha mwenzake kanisani, alikitazama wakati wa mahubiri, akahesabu vitundu kimoyomoyo, na usiku akakitoa chote. Karo yangu ya kidato cha tatu ilitoka katika vitundu hivyo. Mwaka mmoja alivipeleka kwenye maonyesho ya utamaduni, na msimamizi mmoja akamrudisha mlangoni. "Hii si ya asili, mama." Alivikunja, akarudi nyumbani, na hakuvipeleka tena mahali popote. Kwenye meza za mle ndani, nawaambieni, kulikuwa na vitenge vilivyochapwa ng'ambo ya bahari, vimeshonwa kanzu na kuandikwa "vazi la Kiafrika".

Wamizo wenyewe, ambao tunawaonea wivu, wanafuma leo kwa nyuzi za viwandani zenye rangi za viwandani, na katika mji wa Thenzawl, unaosifika kwa ufumaji, vitanda vya fremu vimechukua nafasi kubwa ya ule mkanda wa kiunoni. Hakuna anayewaambia kwamba puan yao imekoma kuwa yao. Kilichobaki ni mkono unaojua hesabu ya mapambo, na watu wanaojua nguo ipi ni ya siku ipi. Kwa kipimo hicho kitambaa cha mama yangu ni cha huku, kama mahindi ya Trans Nzoia yalivyo ya huku ingawa mbegu yake ya kwanza ilivuka bahari.

Niseme kidogo juu ya pamba, maana wazee wa Malakisi mmenitazama tangu nilipoitaja baridi ya Kitale. Ni kweli, kwenu pamba ilistawi, na kiwanda cha kuichambua kilikuwa pale pale. Eldoret nako kulijengwa kiwanda cha nguo cha Rivatex katika miaka ya 1970. Kati ya shamba la Malakisi na kiwanda cha Eldoret hapakuwa na umbali wa kumchosha dereva wa lori kwa siku moja. Kisha bei zikayumba, soko likafunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba ikajaa, wakulima wakang'oa pamba wakapanda miwa na mahindi. Rivatex ikafungwa, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikazinduliwa upya mwaka 2019 kwa mitambo iliyopatikana kwa mkopo wa India. India iliyotuletea kaniki, India ya Wamizo. Ningefurahi kuona uzi wa kulabu unaouzwa Bungoma ukitoka kwenye pamba ya Bungoma. Hadi sasa akina mama hununua wa kutoka nje.

Kuna jambo jingine, na hili nawaelekezea viongozi wa kaunti mlioketi mbele. Mnajua kisa cha kikoi: kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno Kikoy liwe mali yake, Wakenya wakapinga, na mwaka 2008 ombi likaanguka. Tuliponea chupuchupu. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na sheria hiyo inazipa kaunti kazi ya kuyaandikisha yaliyomo mipakani mwao. Bungoma na Trans Nzoia zina wajibu huo tayari. Hazingoji sheria nyingine. Waulizeni akina mama majina ya michoro yao kabla hawajatutoka. Waulizeni wazee waliowahi kulainisha ngozi. Makumbusho yetu hapa Kitale yalianza na mtu mmoja, Hugh Stoneham, aliyekuwa akikusanya vipepeo na ndege, akaanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na mkusanyo wake ukazaa jengo lililofunguliwa mwaka 1974. Kama kipepeo alistahili pini na kibandiko chenye jina, nanasi la mama yangu linastahili pia.

Sasa kitu cha pili. Huu ni mrija wa busaa. Kwa Kibukusu ni lusekhe. Vijana wanaujua kwa urefu wake, kwa wazee wanaoketi duara chungu kikiwa katikati. Mimi nataka mwangalie ncha yake ya chini, hapa, pasipozidi urefu wa kidole. Hiki ni kichujio, na kimefumwa. Kuna vijiti vyembamba vilivyosimama, ambavyo ni mtande, na kuna unyuzi unaovizunguka, ukipita mbele ya kimoja na nyuma ya kingine, ambao ni mshindio. Umebana kiasi cha kuzuia makapi ya wimbi, umeachia kiasi cha kupitisha kinywaji. Kinabeba kanuni yote ya nguo ya Mogadishu na ya Mizoram, kwenye ncha ya mrija, chini ya chungu, mahali ambapo hakuna aliyekitafuta.

Huu niliununua Webuye. Aliyeniuzia aliniambia kwamba ncha aliifuma mjomba wake, ambaye sasa macho hayaoni vizuri, na wanawe hawajajifunza. Nimejaribu kufuma kama huu mara tatu nyumbani, na mara zote tatu nyuzi zimenitoka kwenye mzunguko wa nne. Nimeleta vijiti na nyuzi za kutosha, viko pale mezani karibu na dirisha. Kama yupo mzee hapa anayejua, namwomba asiondoke mapema. Na yule msichana wa kidato cha pili, ambaye namwona mstari wa tatu, namwomba asogee karibu na meza.